Sahihi Isiyo na Niaba

Umma wote wa Ilongero unatangaziwa kwamba kuanzia msimu huu wa alizeti, hakuna hati ya ahadi ya kulipa itakayotoka kwa mnunuzi kwenda kwa mkulima bila kupambwa, upande wa nyuma, na sahihi ya Mkuu wa Kitengo cha Uratibu wa Sahihi. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti, kisha likarudiwa jioni kwa waliokuwa wamekwenda kuchunga.

Mkuu mwenyewe alikuwa Bwana Melkizedeki, na haki ilikuwa upande wake. Siku ya kuzindua ununuzi alialikwa kama mgeni rasmi, akafika, asikute utepe wa kukata wala jiwe la msingi. Mnunuzi, Luqmani wa Utemini, hata fedha taslimu hakuwa nazo. Alikuwa na rundo la hati zinazosema atalipa mwisho wa mwezi, akiwagawia wakulima. Sasa mgeni rasmi afanye nini? Akae tu anywe soda? Melkizedeki akachomoa kalamu, akazigeuza hati moja baada ya nyingine na kuzimwagia sahihi mgongoni, ndefu, yenye mikia miwili. Wakulima wakapiga makofi. Tangu hapo ukawa utaratibu.

Katibu muhtasi wake, Asnath, alijaribu kumharibia raha.

"Bosi, si tuandike 'kny' hapo, kwa niaba ya ofisi? Kama barua zetu zote."

"Kny?" Melkizedeki aliumia, na tumwelewe. Utumishi wake wote alikuwa amesaini kwa niaba ya wakubwa, hata barua ya kumnyima likizo yeye mwenyewe. "Asnath, mimi si niaba ya mtu tena. Weka jina langu kamili, na namba ya simu."

Mwisho wa mwezi ukafika, Luqmani hakufika. Ghala lake lilibaki na kufuli na popo. Ndipo Marietha, mjane aliyetoa alizeti yake yote ili apate maksai wa kulimia kabla ya mvua, alipokuja na hati yake hadi mezani kwa Melkizedeki.

"Mheshimiwa, mvua hiyo inakuja na mimi sina hata jembe la maana. Nilipe."

"Mama, hilo deni la Luqmani. Mimi nilipamba tu." Akamwita Gerald, mwanasheria wa ofisi, amweleweshe mama kwa upole.

Gerald aliigeuza hati, akaitazama, akakaa bila kukaribishwa. "Bosi, aliyesaini mgongoni amejifunga. Mwenye kuahidi asipolipa, hati inamrudia yeye."

"Inairudia ofisi."

"Ofisi haipo hapa. Upo wewe, na namba yako ya simu."

"Na hizo nyingine?"

"Ulisaini ngapi?"

Melkizedeki alianza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. "Shikamoo, mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisi hiyo kuamkia mtu.

"Marahaba. Nilipe."

Akaandika haraka hati yake mwenyewe, kwamba atalipa mwisho wa mwezi. Marietha akaigeuza. "Huku nyuma hakuna mtu. Tafuta wa kujifunga na wewe."

Mkuu wa Kitengo akatoka na kalamu kwenye korido. Mhasibu alikumbuka msiba. Afisa utumishi alikuwa ameteguka mkono, ingawa alifunga mlango kwa mkono huohuo. Gerald alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda mjini.

Jioni hiyo maksai wawili wa Melkizedeki, waliokuwa wakinenepeshwa kwa sherehe ya kumpongeza kwa cheo, walitolewa zizini. Marietha alitangulia ameshika kamba, akicheka waziwazi, na Mheshimiwa akiwaswaga kwa nyuma na viatu vyake vya ofisini. Nyuma yake walifuata wakulima, kila mmoja na hati yake, kwa heshima zote.

"Mheshimiwa," mmoja aliuliza, "wale mbuzi nao ni wako?"