Ombi la Kurudishiwa Wasumbufu Wangu Wote

Nyumba ya Wageni ya Pumziko,
Hai Cinema, Juba.
Alhamisi asubuhi.

Bwana Meneja,
Kampuni ya Simu za Mtandao ya Sauti Safi,
Custom.

Mheshimiwa Bwana Meneja,

KUH: KUONDOLEWA KWA MTAMBO WA KUZUIA SIMU ZA USUMBUFU

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na jamaa yako na wafanyakazi wako wote. Mimi ni Phineas Lusweti, karani wa mapokezi katika nyumba hii ya wageni, Mkenya wa miaka sita mjini hapa. Ndimi yule mteja niliyewaandikia mwezi uliopita nikilia kwamba simu yetu ya mtandao imevamiwa. Nilikuwa napigiwa mara arobaini kwa siku: dada wa sauti ya kurekodi anayeniambia nimeshinda gari, bwana wa saruji, na mmoja anayepumua tu. Mlinihurumia, mkamtuma fundi wenu Robinson, akatuwekea mtambo. Leo ni siku ya nane. Naomba kwa unyenyekevu muuondoe na mnirudishie wasumbufu wangu wote, bila kubagua. Nisiposaidiwa kabla ya Jumapili nitamkosa mwanamke ninayempenda, jambo nitakalolieleza katika lalamiko la nne.

Nakiri kosa langu mapema ili tusipotezeane muda. Robinson alifungua kompyuta yake akaniuliza msumbufu ni mtu wa namna gani. Siku hiyo yule anayepumua alikuwa amenipigia mara sita kabla ya chai. Nikamwambia aandike kwamba msumbufu ni yeyote anayebip, yaani anayeacha simu ilie mara moja kisha anakata. Ni yeyote anayepiga zaidi ya mara tatu kwa siku. Na ni yeyote ambaye sekunde kumi zinapita hajasema jina lake na shida yake. Robinson aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia aandike. Kisha akasafiri kwenda Nimule, mpakani, na neno la siri la mtambo akaenda nalo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtambo umefungia mji mzima. Bwana Meneja, wewe unaishi Juba, unajua kwamba hapa kubip ni mazungumzo kamili. Wafanyabiashara wa soko la Custom wakitaka chumba hunibip mara moja, wakitaka chumba chenye feni hunibip mara mbili. Arkangelo, anayetuletea maji kwa lori, hubip akifika langoni ili nikamfungulie. Jumatatu alibip, akangoja, akabip tena kwa heshima, kisha akawagawia majirani maji yetu yote. Wageni wa vyumba vinne wameoga kwa maji ya chupa, na mmoja wao ameuliza kama tunayo ya baridi.

2. Mtambo hauna adabu. Mama Nyaduoth hutuuzia mayai, na hawezi kutaja yai kabla ya salamu. Huanza na nilivyoamka, kisha kazi, kisha mvua, kisha watu wa kwetu Kenya. Sekunde ya kumi humkuta kwa mama yangu. Alikatwa akimuulizia mama yangu, akapiga tena mara mbili, akakatwa palepale kwa mama, na mara ya nne akafungiwa kabisa. Mtu mzima akikatwa mara tatu kila anapomtaja mama yako, atafikiri nini? Siku hiyohiyo soko lote likajua kwamba mama yangu amefariki na kwamba sitaki kulizungumzia. Wanawake watano walikuja na sukari kunipa pole. Niliwaeleza habari za mtambo, wakatazamana, wakasema mfiwa husema mengi. Sukari nimeipokea, maana kuikataa kungekuwa utovu wa adabu. Mama yangu yuko Kakamega, mzima kabisa, na amenipigia kwenye simu ya mkononi kuniuliza amekufa lini.

3. Matapeli hawajaguswa. Hawa hawabip kamwe, kwa kuwa wana salio la kutosha. Kila mara hupiga kwa namba mpya, kwa hiyo hawafikishi mara tatu. Na hakuna watu duniani wanaojitambulisha upesi kama wao. Dada wa gari humaliza jina, cheo na shida yake kwa sekunde nne. Hata yule wa kupumua ameacha kupumua, siku hizi anasema anaitwa Ryan na anauza sola. Kwa kifupi, mtambo wenu umenitenga na kila anayenitakia heri, ukaniachia wanaotaka kuniibia.

4. Mzee Marino. Hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti. Mzee Marino wa mtaa wa Atlabara ni mjomba wa Teresina, yule mwanamke niliyemtaja, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mzee ndiye aliyemlea walipokuwa ukimbizini Uganda. Nilipeleka posa mwezi wa pili. Mzee akasema familia itakaa, na jibu likiwa tayari atanibip kwenye simu ya kazini, kwa sababu anataka mkwe anayepatikana kazini. Mjomba wa binti hampigii mchumba. Anabip, na mchumba anapiga palepale, ndipo inajulikana kwamba kweli anamtaka binti. Kumpigia kabla hajabip, au kwenda kwake kabla sijaitwa, ni kuivunja posa kwa mikono yangu mwenyewe.

Bwana Meneja, Mzee Marino amebip siku nne mfululizo. Siku ya kwanza mtambo ulimnyamazia. Siku tatu zilizofuata sauti yenu ya kike ilimwambia, kwa upole mkubwa, kwamba ametambuliwa kuwa msumbufu. Na kumpigia sasa haifai tena, kwa kuwa ile palepale imeshapita. Jana Teresina aliniandikia ujumbe: "Phineas, mjomba amekubip siku nne. Umemwita msumbufu?" Nilimjibu kwa maelezo marefu kuhusu mtambo, sekunde kumi na Nimule. Hajanijibu. Nampenda mwanamke huyu, nalisema waziwazi hata katika barua ya kiofisi, na tangu jana mchana sijala chochote isipokuwa chai yenye sukari ya msiba.

5. Nyinyi wenyewe. Nilipiga namba yenu ya huduma kwa wateja. Nikasalimu, nikauliza mmeamkaje, nikakatwa. Nilirudia mara tatu. Mara ya nne, sauti ileile ya kike ikaniambia kwamba nimetambuliwa kuwa msumbufu. Ndiyo maana barua hii inakuja kwa bodaboda.

Kwa hayo yote naomba mtambo ung'olewe leo. Naomba pia barua yenye mhuri wa kampuni, ikithibitisha kwamba Mzee Marino si msumbufu, hajawahi kuwa msumbufu, na hana dalili za kuwa msumbufu, nayo isomwe kanisani kwao Jumapili hii baada ya misa. Zaidi ya hayo, naomba nihakikishiwe wasumbufu wasiopungua thelathini kwa siku, ili nijue simu inafanya kazi.

Nisalimie Robinson akirudi, na mwambie sina kinyongo. Nisalimie watu wa ofisini kwako wote, walinzi, anayewapikia chai, na hata dada wa sauti ya mtambo, ikiwa ni mtu.

Ni mimi mteja wako, mpweke kuliko wote waliounganishwa,
Phineas Lusweti.

N.B. Bahasha nimeifungua tena. Mzee Marino ameingia hapa mapokezi kwa miguu, na fimbo yake, jasho likimtoka. Alisimama mbele ya meza akasema: "Wewe Phineas, mimi iko nabip wewe siku nne. Mtu yenye hajibu mimi, ama iko mkubwa sana, ama iko mjinga sana. Khalas, nimekuja kuangalia iko gani."

Nilimpa kiti. Amekaa saa tatu. Tangu mwezi wa pili hatujawahi kukaa pamoja hata kwa dakika kumi, tulikuwa watu wa kungojeana kwenye simu. Amenisimulia jinsi Teresina alivyokuwa akiwafundisha mbuzi wa jirani kuhesabu kule ukimbizini Koboko, akacheka mpaka akavua kofia, nami nikalia kidogo bila kutaka. Alipoinuka kwenda aliniambia kwamba jibu lilikuwa ndiyo tangu siku ya kwanza, ila kwa simu angelisema neno hilo moja tu na kukata.

Kwa hiyo barua hii ichane. Mtambo uacheni ulivyo. Na namba ya Mzee Marino tafadhali iendelee kufungiwa, kwa kuwa amesema atabip Jumanne, na nisipompigia atakuja tena.