Waya wa Kiptum na Mtamba wa Agneta

Kiptum hakuwa na shughuli yoyote kwenye duka la vyuma chakavu pale Kitale, ila mtu wa kazi yake hawezi kupita penye takataka bila kuchungulia. Ndani aliona rundo la nyaya bapa za kijivu, zimeng'olewa kwenye kompyuta kuukuu za ofisi fulani pamoja na diski zake. Waya mmoja ulikuwa na kibandiko: megabaiti 320 kwa sekunde. Akachukua rundo zima kwa bei ya chakavu.

Tusimwite mwizi. Mwizi hutumia nguvu. Kiptum alitumia hesabu, na hesabu zake zilikuwa sahihi siku zote. Ila safari hii alikuwa na haraka. Jelagat, binti wa Mzee Kipngetich wa Cheptais, alikuwa amemwambia waziwazi: Jumamosi aje kwao na mtamba wa gredi, ng'ombe wa kisasa wa maziwa, wa kufungulia mazungumzo ya mahari, au asije tena. Kiptum alikuwa amekwisha kuahirisha mara mbili. Alimpenda sana yule msichana, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake lisilokuwa na ujanja ndani yake.

Basi akavaa shati jeupe, akateremka Bungoma kwa Agneta, mama mwenye saiba ya intaneti mjini na ng'ombe nyumbani Mabanga. Agneta alisifika kwa kutoza wateja hata zile dakika wanazokaa wakingoja ukurasa ufunguke.

"Madam, laini yako ya simu inaleta intaneti kwa kasi gani?"

"Megabiti mbili. Na vile wananilipisha, ungedhani ni mia."

"Pole. Sasa ona hii waya. Inabeba megabaiti mia tatu na ishirini kwa sekunde. Laini za simu zinapimwa na biti, waya za diski zinapimwa na baiti. Baiti moja ni biti nane. Hebu piga mara nane."

Agneta akabofya kikokotoo. Elfu mbili mia tano na sitini. Akagawanya kwa mbili zake, kisha akavua miwani.

"Ati hii yako inashinda yangu mara elfu moja mia mbili na themanini?"

"Mimi sijasema kitu, madam. Ni kikokotoo imesema."

Kila tarakimu hapo ilikuwa ya kweli. Kilichoachwa bila kutajwa ni kitu kidogo tu: waya ule hubeba data kutoka kwenye diski hadi kwenye kompyuta iliyo kando yake, basi. Intaneti ikishaingia mlangoni kwa megabiti mbili, itabaki megabiti mbili hata uifunge kwa nyaya za dhahabu. Kiptum akaunganisha diski mbili, akanakili sinema nzima kutoka moja hadi nyingine, na ikaisha kabla chai ya mama haijapoa. Agneta akauliza bei.

"Pesa sitaki. Nataka mtamba wa gredi."

Agneta akavaa miwani tena. "Niko na mmoja, Friesian. Mamake anatoa lita thelathini kwa siku. Huyu alizaliwa pacha na dume. Nakuambia mapema, usije ukasema sikukuambia."

Kiptum, mtoto wa karani aliyeyajua maziwa ya pakiti tu, akapiga hesabu chapuchapu: lita thelathini, tena ukoo wa mapacha, mara mbili. Akauma mdomo asicheke. Agneta naye aliinama ghafla kutafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi mwake.

Jumamosi mtamba akashushwa Cheptais, mnene, ngozi inang'aa. Wazee wakamzunguka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Jelagat alisimama mlangoni mwa jiko akitabasamu, na Kiptum akaona wakati umefika wa kumalizia kazi.

"Mzee, mama ya huyu ni lita thelathini kwa siku. Na si hayo tu. Alizaliwa pacha na dume. Kwa hivyo hapo piga mara mbili."

Wazee wakaacha kutikisa vichwa. Mmoja wao akakohoa.

"Kijana," Mzee Kipngetich akasema polepole, "mtamba akishakaa tumbo moja na dume, hazai. Na asipozaa, maziwa yatatoka wapi? Hata watoto wa hapa wanajua. Lita ni za mamake."

Kiptum akajitenga nyuma ya ghala, akapiga simu Bungoma.

"Si nilikuambia?" Agneta akajibu. "Wewe ndio ulipiga mara mbili, bana. Na hiyo waya yako, laini bado ni ileile. Lakini nimeandika bango hapo nje, 'Mara Elfu Moja', nikapandisha bei, na watu wamejaa mpaka barabarani. Ukipata zingine niletee."

Aliporudi uwanjani, wazee walikuwa wamekwisha kuamua. Mazungumzo hayakufunguliwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kuyafungulia. Ila wageni walikuwa wamekwisha kualikwa, na mtamba asiyezaa hana kazi nyingine. Akachinjwa.

Jelagat mwenyewe ndiye aliyemletea Kiptum sahani. Hakuwa akitabasamu tena, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kula," akamwambia. "Ni mahari yangu hiyo."

Kiptum akala. Nyama, lazima tuseme ukweli, ilikuwa tamu.