Barua ya Nguzo ya Kuomba Kiti

Gazeti lilisema kukaa kunaua. Lilikuwa la wiki iliyopita na kingo zimeshachakaa, lakini Faili alilitandaza juu ya meza ya Bi Birika, muuza kahawa wa kijiweni, saa nne asubuhi, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba kwamba mtu anayekaa kutwa anajichimbia kaburi kwa makalio yake mwenyewe. Hayo makalio aliyaongeza yeye, maana Faili bila chumvi habari haimtoki mdomoni.

Faili alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya ng'ambo ya barabara. Karatasi yoyote ya ofisi ile, iwe ya kupandishwa cheo au ya kuomba ufagio, lazima ipite mikononi mwake. Tumbo lake lilikuwa likifika mahali kabla yeye hajafika. Basi siku hiyo alitangaza vita na viti. Akaligeuza benchi miguu juu, akaamuru kwamba kuanzia leo kahawa ya kijiwe hiki inanywewa wima.

Sindano, fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, hakuinuka. Alikuwa kwenye kigoda chake na suruali ya mteja mapajani, akipandisha pindo. Alisema ana miaka ishirini anakaa, na kama kukaa kunaua basi kifo chenyewe kina foleni ndefu. Faili akamwambia atakufa akiwa ameinama. Sindano akamjibu kwamba afadhali yeye atakufa suruali imekwisha.

Ndipo akaja Nguzo, mlinzi wa geti la ofisi hiyo hiyo. Tangu saa kumi na mbili alfajiri alikuwa wima, na mapumziko yake ni robo saa tu. Mishipa ya miguu ilikuwa imemtutumka kama kamba chini ya ngozi, na zahanati ilishamwandikia cheti kwamba asisimame muda mrefu. Miezi mitatu iliyopita aliandika barua ya kuomba kiti, akaambatanisha cheti. Leo Faili alikuwa amemwahidi jibu. Njia nzima ya kuvuka barabara alikuwa akiliwaza lile benchi. Alilikuta limelala chali.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Bi Birika, akimpa kikombe. "Ila huyu hapa anatuokoa."

Faili akamweka Nguzo katikati kama kielelezo. Akasema jamani tazameni, huyu ndiye mtu wa kuigwa, anasimama saa kumi na mbili kwa siku, moyo wake utadunda mpaka wajukuu wachoke kuusikiliza. Nguzo alihisi kisigino kikimchoma mpaka kwenye goti. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na barua kichwani, na mtu mwenye shida hamgombezi karani.

"Faili ndugu yangu, jibu langu limetoka?"

Faili akajikohoza, akatoa bahasha mfukoni. Nguzo aliisoma taratibu, kisha akaisoma tena kwa sauti ili ahakikishe macho hayamdanganyi: "Kwa kuzingatia kiambatisho kuhusu madhara ya kukaa, na kwa kujali afya ya mwombaji, uongozi hauoni busara kumpatia kiti. Anashauriwa aendelee kusimama."

Sindano aliacha kushona.

"Kiambatisho gani?" aliuliza Nguzo. "Mimi niliweka cheti cha zahanati."

"Cheti kilienda kwenye jalada la magonjwa, ndiyo utaratibu," alisema Faili. "Barua yako ikabaki tupu. Na barua isiyo na kiambatisho hulala pale mwaka mzima, wewe hujui mambo ya masijala. Sisi tunapanga karatasi kwa mada. Barua yako mada yake kiti. Habari hii mada yake kiti. Nikatoa fotokopi, nikaibana kwa pini. Siku mbili tu imejibiwa, na hata asante sijasikia."

"Uliisoma kabla ya kuibana?"

"Nilisoma kichwa cha habari."

Bi Birika alitikisa kichwa. Akataka kujua mabosi wenyewe, baada ya kusoma hicho kiambatisho, wamejikinga vipi. Faili akachangamka. Akaeleza kwamba wameagiza meza ndefu za kisasa, mtu anafanya kazi amesimama.

"Wakichoka?" aliuliza Sindano.

Faili alitazama kikombe chake. "Zinakuja na viti virefu."

Hapo hasira ikamfika Nguzo, na alishangaa ilivyokuja polepole, ikipanda kutoka miguuni. Alikunja barua, akaweka kikombe chini, akalishika benchi akaligeuza. Kisha akakaa. Alikaa kwa uzito wake wote, akanyoosha miguu, akafumba macho. Robo saa ikaisha naye hajatikisika.

Ng'ambo ya barabara gari la mkubwa lilipiga honi. Likapiga tena.

"Nguzo, geti," alisema Faili.

"Nimesikia."

"Utafukuzwa kazi, bwana wee."

"Nitafukuzwa nimekaa. Kafungue wewe. Mimi nisije nikapata afya nyingi nikakosa pa kuiweka."

Honi ya tatu ilikuwa ndefu. Faili, ambaye naye alitakiwa kuwa masijalani tangu nusu saa iliyopita, alivuka barabara mbio, tumbo likimtangulia. Waliona geti likifunguka. Wakaona kioo cha gari kikishuka, kidole kikitoka, kikionyesha chini pale pale aliposimama, kisha gari likaingia. Faili hakurudi. Alibaki getini na jua likimpiga utosini.

Dakika kumi hazikufika. Kwanza alihamisha uzito mguu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu akauegemeza mgongo ukutani. Mwishowe akapiga kelele kutoka huko, akiomba wamvushie kitu chochote cha kukalia, hata ndoo.

Nguzo hakufumbua macho. Bi Birika ndiye aliyeweka birika chini, akazungusha viganja mdomoni ili sauti imfikie vizuri.

"Andika barua," alimwambia. "Na usisahau kiambatisho."