Mwanangu Hapelekwi Jicho la Moto Bila Mimi

Mheshimiwa Daktari Rushdi,
Mkuu wa Kitivo cha Tiba ya Mifugo,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na walimu walio chini yako, na wanyama wenu wote wagonjwa, Mungu awape nafuu. Mimi ni Insaf Abdel-Gayed wa hapa Nabaroh, mama yake Daktari Shihab. Bila shaka unamjua, ni yule mrefu mwenye kope kama za ndama. Yuko mwaka wa kwanza, lakini mtaani kwetu tulianza kumwita Daktari siku ile ile matokeo yalipotoka, na hajatuangusha. Bata wa jirani yetu, Mama Wagdi, alipougua, mwanangu ndiye aliyemtibu. Bata alikufa, ndiyo, lakini alikufa ametulia, na Mama Wagdi mwenyewe alisema hajawahi kuona bata akiondoka kwa heshima namna ile.

Nakuandikia kuhusu safari ya likizo ya machipuko, hii mnayowapeleka wanafunzi pwani ya Ain Sukhna kwa ajili ya sikukuu ya Sham en-Nasim, Jumatatu hii. Shihab alinisomea tangazo lako tukiwa mezani. Alisoma vizuri, sauti kama ya mtangazaji, ila alipofika mahali fulani akakohoa. Nikamwambia, "Rudia hapo ulipokohoa." Akarudia. Kumbe wazazi hawaruhusiwi, na fesikh, samaki wetu wa chumvi wa sikukuu, ni marufuku ndani ya basi! Chai ilinipalia. Malalamiko yangu ni haya, nayo nimeyapanga kwa namba ili usipotee.

1. Jina la mahali. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba ain ni jicho na sukhna ni la moto. Yaani katika pwani zote za Misri, mmechagua kumpeleka mwanangu wa pekee, na sura ile, mahali panapoitwa Jicho la Moto! Mume wangu Mitwalli anasema, "Mama Shihab, hilo ni jicho la maji, chemchemi." Nikamjibu, Mitwalli, jicho ni jicho. Shihab alipokuwa mdogo, mwanamke mmoja sokoni alimsifia mashavu bila kusema mashallah, na kabla hatujafika nyumbani mtoto ameota jipu. Hilo lilikuwa jicho la mtu mmoja tu, tena mwenye miwani. Sasa pwani nzima? Naomba mpabadilishe jina kabla ya Jumatatu. Kama serikali itachelewesha, basi niruhusiwe kuja na chetezo changu nimfukize mwanangu ubani mlangoni mwa basi kabla hajakanyaga mchanga. Nitawafukiza na wengine, sina choyo.

2. Mimi kunyimwa kiti. Tangazo linasema "wazazi". Wazazi ni wingi. Mimi nitakuja mmoja. Mitwalli atabaki nyumbani kuangalia kuku, kwa hiyo sheria yako sijaivunja hata kidogo. Tena mimi ni mwembamba kuliko ninavyoonekana kwenye gauni hili la bluu utakaloniona nalo. Mheshimiwa, hapa naomba unisikilize vizuri. Tangu Shihab azaliwe, hatujawahi kula Sham en-Nasim mimi huku na yeye kule. Hata mwaka ule alipougua surua nilimpelekea mayai ya rangi kitandani, nikammenyea. Mitwalli akishakula hulala na gazeti usoni. Mwaka huu nitachambua miba kwa mazoea, halafu nimwekee nani kwenye sahani?

3. Fesikh. Hapa nitajizuia kwa sababu wewe ni msomi. Lakini hebu niambie, Mmisri anayekataa fesikh siku ya Sham en-Nasim amelelewa na nani? Mababu zetu walijenga yale mapiramidi yote, na nina hakika kuna harufu iliyowapa nguvu. Wewe unafanya kazi na ng'ombe, tena upande ule wa nyuma wa ng'ombe, lakini mkizi aliyekaa kwenye chumvi akalainika kama siagi ndiye anayekutoa basini! Pua hiyo umeinunua wapi? Fesikh yangu haina harufu. Ina tangazo. Inatangaza kwamba nyumba hii kuna mama. Nitaifunga kwenye mifuko, juu yake taulo, juu ya taulo vitunguu vya majani, na dereva akilalamika nitampa kipande, atanyamaza.

4. Bahari yenyewe. Shihab hajui kuogelea. Kwenye mfereji wetu nilikuwa namruhusu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na vifundo vyenyewe nilikuwa nimevishika. Umeandika kwamba maji ya huko ni ya uvuguvugu. Ni nani aliyeyapima? Aliyapima kwa kiwiko, kama tunavyopima maji ya mtoto, au kwa kidole tu? Naomba aingie majini akiwa na fulana yake ya sufu, afungwe kamba kiunoni, na mwisho wa kamba niushike mimi. Wenzake wakicheka, wacheke. Wakizama, hawatacheka.

5. Wasichana. Nimesikia wapo safarini. Sina neno na wasichana, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, tena waliokuwa wakinipita kwa uzuri walikuwa wachache na wamehama. Lakini kuna mmoja anampigia mwanangu simu kila akimaliza kula. Shihab hutoka nje kwenye ngazi, huko namsikia anacheka. Nikamuuliza, "Nani huyo?" Akasema, "Somo la anatomia, Mama." Nikamuuliza anatomia ina nini cha kuchekesha. Akasema, "Mifupa ya punda." Mheshimiwa, mimi nimefuga punda ujana wangu wote, na hakuna mfupa wake hata mmoja unaochekesha. Sijui msichana huyo ni wa nani, lakini namhurumia. Baba yake lazima ni mtu wa kujifungia na vitabu, hajui binti yake anaongea na nani, na nikikutana naye nitamwambia usoni kwamba malezi yamemshinda. Naomba katikati ya kila mvulana na msichana akae mama mmoja. Mabasi yasipotosha, wasichana waende mwaka kesho.

Kwa kuwa mambo haya yote ni ya haki, na jina langu Insaf maana yake ndiyo hiyo haki, nakupa njia ya mkato. Futa safari ya pwani. Waleteni wanafunzi wote hapa Nabaroh, juu ya paa la nyumba yetu. Jua lipo, tena la bure. Mchanga upo, fundi aliyekuwa anajenga ghorofa ya pili aliuacha. Maji nitayachemsha mwenyewe na kuyapima kwa kiwiko, niyatie kwenye beseni kubwa la kufulia, waingie kwa zamu. Upepo tunao. Fesikh ipo, na hakuna jicho la mtu litakalofika kwa sababu ngazi zetu ni mbovu.

Nakutakia afya njema. Nisalimie mkeo, nisalimie watoto, nisalimie yule bawabu wa kitivo aliyeniambia siku ya usajili kwamba mwanangu ana paji la uso la profesa. Wasalimie pia ng'ombe.

Mimi mpenda haki,
Insaf Abdel-Gayed, Mama wa Daktari

Nyongeza. Shihab amerudi sasa hivi, amesoma hadi namba ya tano, akawa mweupe kama jibini. Akasema, "Mama, nimekwisha! Wa anatomia ni Yumna. Yumna binti wa Mkuu! Nilitaka nikazungumze na baba yake huko huko pwani." Mitwalli ametoa gazeti usoni, jambo ambalo halijawahi kutokea mchana. Nilitaka kuichana barua hii, lakini tangu niache shule sijawahi kuandika kurasa nyingi hivi kwa mkono wangu, roho imekataa. Kwa hiyo, mheshimiwa na ndugu yangu, tafadhali anza kuisoma hapa kwenda chini. Ain ni chemchemi, hata mtoto wa chekechea anajua. Maji ya uvuguvugu ni dawa. Fesikh inanuka, nimelisema hilo maisha yangu yote. Baba yake Yumna amelea binti ambaye sijapata kuona mfano wake, nami bado sijamwona. Kiti sikitaki tena. Mwanangu aende peke yake, bila kamba. Sisi wawili tutakula yetu hapa, na sahani ya tatu nitaiweka tu, asiniulize mtu.

Barua anakuletea Mitwalli kwa mkono wake, maana Shihab amekataa kuigusa. Jambo moja tu. Begi la Shihab nilikuwa nimeshalipanga, na chini ya taulo kuna kifurushi ambacho yeye hakijui, nacho nimekishonea ndani, hakitoki. Basi likishika njia ya jangwani na ukasikia harufu, usimsimamishe dereva. Hicho ni kishika uchumba.