Kitabu Kinene cha Biskuti

Jumatatu, 8 Septemba
Daktari Zipporah wa mifugo amehamishwa. Anaondoka Garsen Jumapili, na mbwa wake Biskuti haendi naye. Nyumba aliyopewa huko aendako iko ghorofani. Koka spanieli! Masikio mpaka kifuani, macho ya kuomba msamaha. Tunaomtaka ni wawili: mimi, na Nelly muuza samaki. Daktari kasema tukae naye siku mbilimbili, Jumamosi ataamua. Akafungua katoni ya vitabu, kila mmoja achague cha kumsaidia. Vya koka vilikuwa viwili. Nikawahi! Kimoja chembamba, jalada limechanika, michoro ya kalamu tu. Kingine kinene kama tofali, picha za rangi, mwandishi kavaa tai. Nimechukua cha tai. Nelly nimemhurumia njia nzima.

Sijamwambia mtu kwa nini namtaka mbwa huyu. Marehemu Baba alikuwa kibarua kwa injinia wa mifereji kule Bura, na injinia alikuwa na koka kama huyu. Nilikuwa na miaka sita. Biskuti akitikisa masikio, pap pap pap, naona Baba anarudi kutoka kazini.

Jumanne, 9 Septemba
Zamu yangu! Kitabu ni cha Kiingereza, na mimi niliishia kidato cha pili, lakini kamusi ninayo. Ukurasa wa kumi na nne: koka asiachwe apigwe na baridi. Nikamvisha sweta ya Jairus ya kliniki. (Jairus ni mwanangu, ana miezi minane. Hakulalamika.) Saa saba mchana Biskuti ulimi nje, anahema. Hibaq wa dukani, asiyekaribia mbwa kwa ajili ya udhu, akapaza sauti toka mlangoni: "Mama Jairus, huyu wa pili mbona ana mkia? Kachukua upande wa baba?" Nikamwambia sisi tunafuata kitabu. Akasema basi mwandishi aje Garsen aivae yeye hiyo sweta.

Baba alikuwa akilowesha gunia, analitandika kivulini, koka wa injinia anajilaza juu yake. Na mimi pia. Tukigombania gunia! Raha ile. Lakini Biskuti sikumvua. Gunia halimo kitabuni, nimetafuta.

Jumatano, 10 Septemba
Ukurasa wa tisini: koka aogelee kila siku, kwenye mto uliotulia. Mto si tunao! Jairus mgongoni, huyoo mpaka Tana. Maji yametulia kabisa. Wanawake waliokuwa wakifua wakauliza naenda wapi na mbwa. Nikasema mazoezi. Mmoja akaacha kufua. Akasema mamba wa hapo chini juzi kachukua mbuzi wa jirani Dadacha, sasa mimi namletea mlo uliovishwa sweta kabisa? Tukarudi mbio. Nimemtafuta mamba kwenye orodha ya maneno nyuma ya kitabu. Hayumo. Kwa hiyo kosa si la kitabu, ni la mto.

Jioni Daktari kaja kumchukua ampeleke kwa Nelly. Akafunua masikio. Uji umekaukia manyoyani, na kupe wanne ndani. Akawang'oa mmoja mmoja, akaondoka naye.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimepita kwa Nelly bila kukusudia. Mara tatu. Mara ya tatu Biskuti alikuwa anakula, na masikio yake yamefungwa juu ya kichwa kwa kipande cha leso, yasichovye chakulani. Baba alikuwa akifunga vivyo hivyo! Kwa leso ya Mama, fundo kwa mbele. Tulimwita yule koka bibi harusi. Akimaliza kula, Baba anamfungua, anapitisha vidole masikioni polepole kutafuta kupe, halafu anavipitisha na kwenye yangu, mimi nacheka mpaka nalia. Nilisahauje?

Nelly akasema kaiona kwenye mchoro, ukurasa wa tatu. Nikamwambia michoro ni ya watoto. Nimelia njiani. Baba masikini hakuwahi kuwa na kitabu. Laiti angekuwa nacho kama hiki changu, angefika mbali!

Jumamosi, 13 Septemba
Daktari kakagua. Masikio safi kama sahani ya mgeni. Biskuti ni wa Nelly. Niliapa sitalia mbele ya Nelly. Nikalia. Jairus akanisaidia. Nikajua sasa Nelly atatamba, mtaa mzima utasikia. Akanivuta pembeni, akasema: "Wewe nawe, usijifanye mgeni. Njoo jioni umfungue masikio."

Nimeenda. Nimepitisha vidole, polepole. Biskuti kafumba macho. Jairus kashika sikio moja, akataka kulitia mdomoni. Nelly akasema mbwa huyu akizaa, wa kwanza ni wangu. Wangu! Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini.

Jumapili, 14 Septemba
Nelly kaniletea kile chembamba. Amekimaliza, anasema nikisome nijiandae. Nimemrudishia kwa heshima zote. Kulea kitoto cha mbwa si mchezo. Nimemwagiza dereva wa basi la Malindi aniletee kitabu cha vitoto vya koka. Akauliza kipi. Nikamwambia akikuta viwili asijisumbue kufungua. Avibebe mkononi, aniletee kizito.