Vita vya Daktari Zahran na Panya Aliyefukizwa Udi

Njooni, waungwana wa Mji Mkongwe, na nyinyi wa Michenzani shukeni ngazi zenu, mkae kitako nikusimulieni vita alivyopigana Daktari Zahran bin Badar, simba wa maabara, mtikisa miwani, katika mwaka wa tisini na nane, dhidi ya panya mmoja.

Panya huyo si wa jaani. Aliletwa kwa ndege, amezaliwa na kasoro ileile ya ubongo, ya kurithi, inayomwangusha kifafa Nada, binti wa Bi Muzna. Ndiye jike la mwisho la kuzaa. Akipotea, hakuna vitoto vya panya vya kujaribiwa dawa, na Nada hana jengine la kungojea.

Siku ile wafadhili walikuwa wanakuja. Shujaa wetu, kwa akili zake nyingi, akaona aibu panya anuke mbele ya wageni. Akaagiza chetezo, akatia udi, akafungua tundu ili mnyama afukizwe vyema kama bibi harusi. Panya akapiga chafya, akaruka, huyoo!

"Enyi askari wa elimu," alinguruma Zahran, keshapanda juu ya kiti, "mimi, mjukuu wa majabari, sirudi nyuma hata hatua moja. Hija, tangulia wewe."

Hija bawabu akatangulia na ufagio. Makabati yakapinduka, chupa zikalala chini kama maiti.

"Msije mkamkanyaga, baba zangu," alisema Bi Muzna mlangoni, Nada kamshika buibui. "Sisi tunamtegemea huyo."

Mara panya akasita katikati ya sakafu, akatetemeka, akaanguka ubavu, miguu ikipigapiga. Kifafa kimemshika. Hapo ndipo simba aliposhuka kitini. Akamwendea adui asiyejijua, akamfunika kwa kofia yake ya viua, akainua mikono.

"Leo elimu imeshinda. Vizazi na vizazi vitanitaja."

Wafadhili, ndio kwanza wanaingia, wakapiga makofi na picha. Ushujaa gani huo, jamani?

Bi Muzna hakupiga makofi. "Ndivyo anavyoanguka mwanangu," alisema. "Mfunue, daktari, apate pumzi."

Zahran akamfunua. Panya akapumua.

Basi tarikhi na iandike, kwa wino mzito, kwamba katika vita vile vikuu jabari wetu alitenda jambo moja la maana: aliinua kofia alipoambiwa.