Kiingereza cha Kupandia Eropleni

Mtukufu Mtemi wetu, ambaye hayupo kwa sababu ya jino, waheshimiwa majumbe na wasaidizi wa majumbe, wazee wa Baraza mliovaa makoti na mliokosa, Bwana Mwinjilisti, Maalim, wenye maduka mliotoka Shelui juu ya lori la chumvi, wachimbaji wa Sekenke mlioacha mashimo yenu wazi ili mje kunisikiliza, akina baba, akina mama, na raia wote wa Bibi Malkia mlioketi juani kwa utii, na mwisho, kwa heshima zote, mimi mwenyewe, Urbano, Karani wa Baraza, Mwenyekiti wa Kamati ya Usafiri wa Anga, na mwalimu pekee wa Kiingereza cha kupandia eropleni katika Iramba nzima. (Makofi. Mbuzi analia.)

Raia wapenzi, kwa mujibu wa mamlaka niliyonayo, na mengine ambayo nitapewa, napenda kutamka rasmi kwamba darasa letu limefaulu kupita kiasi. Kuna watu waliniuliza, tena kwa dharau, mkulima wa mtama atafanyia nini Kiingereza cha eropleni, nami nikawajibu kwamba siku eropleni itakapotua hapa, mtu wetu akashindwa kumwambia rubani, “Gudi moningi, sa, mai lagiji izi wan kuku,” aibu hiyo itakuwa ya nani kama si yetu sote? (Sauti: “Ya kuku!” Kicheko.) Yetu sote, nimesema! Kati ya waliojiandikisha, asilimia mia na ishirini wamefaulu, kwa kuwa wengine walifaulu mara mbili.

Kefa, wewe mrina asali, simama uwaoneshe. Abiria akifika kaunta husemaje? (Kefa anasimama, anavua kofia: “Windo siti, plizi.”) Mmesikia? Ameomba kiti cha dirishani! Na dirishani utaona nini, Kefa? (“Mawingu, mwalimu.”) Mawingu kwa Kiingereza? (“Hapo hatujafika, mwalimu.”) Kaa. Huo ndio unyofu wa msomi. Na Dorika, ambaye ndiye mhudumu wetu wa angani, amejifunza kupita katikati ya mabenchi na kibuyu cha maji akitabasamu bila sababu, jambo ambalo kwa mila zetu ni gumu sana, na mikanda ya kujifungia tumeshona kwa kamba za kufungia ndama, mpaka Bwana Mwinjilisti alipojaribu akashindwa kujifungua na ibada ikachelewa.

(Mama Rahabu, mjane ambaye shamba lake la mtama ndilo lililochukuliwa kuwa kiwanja cha ndege, anasimama: “Bwana Karani, umetaja hata chumvi, mimi mzee wako hata shikamoo hujanipa.”)

Shikamoo, mama. Haikuwamo kwenye itifaki.

(“Marahaba. Mawingu hayo unayomfundisha Kefa mimi nayaona yale pale, yanakuja. Shamba langu nitalima lini? Msimu uliopita wajukuu zangu walishindia mlenda mtupu.” Watu wananung'unika.)

Utulivu! Mama Rahabu, shamba lako halikupotea, limepandishwa cheo. Zamani liliitwa shamba, sasa linaitwa ranwei, na wewe badala ya kuitwa mkulima unaitwa, sijui, mama wa ranwei. Mvua zipo kila mwaka, mama, lakini maendeleo yakikupita hayarudi, na katika usafiri wa anga kungoja namna hiyo hakuitwi njaa, kunaitwa dilei, jambo ambalo wasafiri wa Ulaya hulipata wakiwa wamevaa suti na wala hawalalamiki. Semeni wote: dilei! (Watu, kwa uvivu: “Dilei.” Mama Rahabu anayatazama mawingu.)

Halafu kuna wambea wanaonong'ona eti ng'ombe wanaoonekana kwenye ranwei ni wangu. Ni wangu! Nimekana lini? Ni ng'ombe wa kujitolea, kwato zao zinashindilia udongo kwa ujuzi ambao mashine ya Wazungu haiufikii, na majani wanayokula ni yale yale ambayo yangeweza kunasa tairi la eropleni, na kama katika utumishi huo wananenepa, hiyo ni baraka tu ya kazi njema. (Mzee Isaka, msemaji wa wazee: “Na eropleni yenyewe, Bwana Karani, inakuja lini?”) Swali zuri, mzee wangu, ila halina nidhamu. Nitalijibu ndani ya shukrani.

Kwa hiyo natoa shukrani. Namshukuru Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Kiomboi, ambaye habari za kiwanja hiki bado hajazipata, maana sikutaka kumchosha. Nazishukuru kampuni zote za eropleni, ambazo hazijui kwamba tupo, na kwa hiyo hakuna hata moja iliyotukataa. Namshukuru rubani yule aliyepita juu yetu wakati wa mavuno ya mwaka juzi bila kutazama chini, ambaye ndiye aliyenipa wazo hili. (Watu wanatazamana.) Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Rahabu, ambaye nilimwamuru apike pombe ya mkutano huu kwa mtama wake mwenyewe wa akiba, na togwa kwa watu wa misheni, naye akatii, na sote tumekunywa tangu asubuhi, tena ilikuwa nzuri kwelikweli. Sasa chukueni majembe niliyowaagiza mje nayo, mkasawazishe ranwei. Eropleni, juu! Kiingereza, juu! Urbano...

(Mzee Isaka anatia jembe begani: “Jamani, tumekunywa pombe ya nani?” Watu: “Ya Rahabu!” “Na kwetu hapa, ukinywa pombe halafu ukashika jembe, unalima shamba la nani?” Watu wote: “La aliyepika!”)

Hapana, hapana, ngojeni! Hii si pombe ya kualikana kulima, hii ni pombe ya kiofisi! (Watu wanaelekea shambani. Vigelegele. Ng'ombe wanafukuzwa kwa miluzi.) Ng'ombe wangu hao, jamani! Kefa, warudishe! (Kefa, akikimbia: “Dipacha, mwalimu! Wameshaondoka!”)

(Mama Rahabu anarudi peke yake, anamwekea Karani jembe mezani.)

La nini, mama? Mimi ni mgeni rasmi. Nilionja tu, kibuyu kimoja. (Mama Rahabu anamtazama.) Viwili. (Anazidi kumtazama.) Vitatu, mama, na kile cha Mtemi.

Haya. Shika koti langu. Nianzie tuta gani?